Goli hufundishwa: kwa nini timu zetu zinashika mpira na hazifungi

Kila msimu wa ligi na makombe ya vijiji, ujumbe unaoingia kwenye kipindi chetu cha michezo hubeba lalamiko moja. Timu imeshika mpira karibu mechi nzima, imepiga kona kumi, kisha imefungwa goli moja la kushtukizwa na kurudi nyumbani mikono mitupu. Na dawa inayotajwa huwa ni ile ile: tutafutiwe straika.

Lalamiko ni la kweli. Tunalotaka kulizungumza leo ni hiyo dawa. Vijiji vingi huchangishana fedha, vikamkodi mfungaji wa kutoka mbali kwa ajili ya kombe moja. Kombe likimalizika mfungaji anaondoka, na timu inabaki pale pale ilipokuwa. Msimu ukifuata, mchango mwengine.

Katika makala hii tunaeleza goli linatengenezwaje, kazi ya mwalimu ni ipi, kazi ya kumlea mchezaji tangu mdogo ni ipi, na nini kinaweza kufanywa kwenye kiwanja cha Ole, au kijiji chochote cha njia ya Ole hadi Kengeja, bila ya kumsubiri mfadhili.

Msimu ambao viungo waliwazidi mastraika

Tuanze na mfano ambao wengi wetu tuliufuatilia redioni. Msimu wa 2022/23 Yanga ilikuwa na Fiston Mayele, straika kutoka Congo. Alifunga magoli 17 ya ligi, sawa na Saidi Ntibazonkiza. Akawa pia mfungaji bora wa Kombe la Shirikisho Afrika kwa magoli 7, mwaka ambao Yanga ilifika fainali na kulikosa kombe mbele ya USM Alger kwa kanuni ya goli la ugenini.

Msimu ulipokwisha Mayele akaenda Pyramids ya Misri, na mwalimu Nasreddine Nabi naye akaondoka. Mitaani ikasemwa kuwa Yanga imekatwa miguu. Akaja mwalimu mwengine, Miguel Gamondi kutoka Argentina. Mastraika walisajiliwa, lakini magoli mengi yalianza kutoka kwengine.

Tarehe 5 Novemba 2023 Yanga iliifunga Simba 5-1. Goli la kwanza lilifungwa na straika, Kennedy Musonda. Manne yaliyofuata yalifungwa na Maxi Nzengeli, mawili, na Aziz Ki na Pacome Zouzoua, moja moja. Hao wote watatu si mastraika. Ni watu wanaotokea kati na pembeni.

Mpaka ligi inamalizika, mfungaji bora wa Tanzania alikuwa Aziz Ki, kiungo, kwa magoli 21. Wa pili alikuwa kijana wetu wa Zanzibar, Feisal Salum wa Azam, naye kiungo, kwa magoli 19. Mzanzibari mwengine, Mudathir Yahya, kiungo ambaye kazi yake ya siku zote ni kukaba, akawa anafunga na kushangilia kwa mtindo wake wa kupiga simu.

Haya hayakutokea kwa bahati. Straika alikuwa akivuta mabeki, na kiungo akiingia pale mabeki walipopaacha wazi. Mtu hawezi kujua wakati wa kuingia kama hakulifanya jambo hilo mazoezini mara mia. Timu iliyompoteza mfungaji wake mkubwa iliendelea kufunga kwa sababu magoli yake yalikuwa yamefundishwa kwa timu nzima.

Goli lina hatua nne

Mnunuzi huiona karafuu ikiwa imeshakauka. Hakumuona aliyeupanda mkarafuu, aliyepanda juu kuchuma, aliyechambua makonyo, wala aliyekuwa akikimbia na jamvi mvua ilipotanda. Na goli ni hivyo hivyo. Sisi tunaliona likiingia tu.

Hatua ya kwanza ni kuutoa mpira nyuma. Golikipa na mabeki wanaamua: wautoe kwa pasi, au waubutue? Kubutua si haramu. Kuna siku kiwanja kimejaa maji ya masika na pasi ya chini haiendi. Lakini timu inayobutua kila mpira inamtupia straika wake mpira unaotoka mawinguni, huku mabeki wawili wamemkalia mgongoni. Akiupoteza mara tisa kati ya kumi, watazamaji husema hafai.

Hatua ya pili ni kuupitisha mpira kati. Hapa anatakiwa mtu anayeweza kupokea, kugeuka na kuangalia mbele. Timu nyingi za vijijini zina viungo wenye pumzi na nguvu, lakini wanapokea mpira wakiwa wamelipa goli la wapinzani mgongo, kisha wanaurudisha ulikotoka. Mpira unashikwa, lakini hauendi popote.

Hatua ya tatu ni kutengeneza nafasi: pasi ya mwisho, krosi, chenga inayomtoa beki mahali pake. Hatua ya nne ni kumalizia.

Sasa jiulize, msikilizaji. Ukimkodi straika, umenunua hatua ya nne peke yake. Kama hatua tatu za mwanzo hazipo, umenunua dohani ya nyumba isiyo na jiko.

Kazi ya mwalimu: kuwapanga watu ili pawe na nafasi

Mwalimu hamfungii mtu goli. Kazi yake katika ushambuliaji ni moja kubwa: kuhakikisha kwamba mchezaji mwenye mpira anapoinua kichwa anaona njia zaidi ya moja. Hilo hufanyika kwa mambo manne.

La kwanza ni upana. Sheria za mpira zinaruhusu uwanja wa kawaida kuwa na upana wa kuanzia mita 45 hadi 90. Lakini angalia mechi ya kijijini: mpira ukiwa kulia, wachezaji wote wa timu inayoshambulia wameshahamia kulia, kama kuku waliomwagiwa mtama. Mabeki wanne wa upande wa pili wanatosha kabisa kuizuia timu iliyojibana hivyo. Mwalimu anayejua humwambia winga wa kushoto: mpira ukiwa kulia, wewe kaa mpaka miguu yako iguse chaki. Pengine hatapewa mpira kwa dakika kumi. Lakini beki mmoja atalazimika kumuangalia, na beki huyo ameshapungua kule penye kazi.

La pili ni kina. Lazima awepo mtu mmoja anayesimama sawa na beki wa mwisho, akimtisha kwa mbio. Beki akiogopa kupitwa hurudi nyuma, na akirudi nyuma anafungua nafasi baina yake na viungo wake. Nafasi hiyo ndiyo aliyokuwa akiitumia Feisal, na ndiyo anayoipenda kiungo yeyote mwenye akili.

La tatu ni mtu wa tatu. Wachezaji wawili wanaopasiana wanaonekana na kila mtu. Wa tatu, anayekimbia wakati mpira ukiwa baina ya wale wawili, ndiye asiyeonekana. Kiungo anampa straika, straika anaurudisha kwa kiungo mwengine, na wakati huo huo winga ameshaanza mbio nyuma ya beki. Mabeki wanaangalia mpira, hawamuangalii winga.

La nne ni kujua krosi gani ipigwe. Tumezoea krosi ya juu inayopigwa kutoka mbali, ambayo golikipa anaiona tangu ikiwa njiani. Ipo krosi nyengine iliyo hatari zaidi: winga anafika karibu na mstari wa goli, kisha anaurudisha mpira nyuma kwa chini. Mabeki wote wakati huo wanakimbia kuelekea golini kwao. Anayekuja kutoka nyuma anaukuta mpira unamjia usoni, na goli liko mbele yake. Mpira huu wa kurudi hauhitaji mtu mrefu wala mtu wa fedha nyingi. Unahitaji watu wawili waliofanya mazoezi pamoja.

Mwalimu pia husoma sheria. Mchezaji anayepokea moja kwa moja mpira wa kurushwa kwa mikono haotei. Wala haotei anayeupokea moja kwa moja mpira wa kona au wa golikipa anapoanzisha kutoka langoni. Ni timu ngapi za wilaya yetu zimepanga hata mtindo mmoja wa kurusha? Katika mechi moja mpira hutoka pembeni mara nyingi mno, na kila mara ni nafasi ya kushambulia inayotupwa ovyo.

Na tusisahau kukaba. Timu inayoupoteza mpira karibu na goli la wapinzani na kuupigania hapo hapo huupata huku wapinzani wametawanyika. Njia ya kufika golini huwa fupi. Timu inayoupoteza na kurudi nyuma yote kwa pamoja lazima ianze tena safari ya uwanja mzima.

Kazi ya kumlea mchezaji: samaki mkunje angali mbichi

Hayo yote ya mwalimu yanahitaji mchezaji anayeweza kuyafanya. Na hapa ndipo tatizo letu lilipo kubwa zaidi, kwa sababu mchezaji wa miaka 22 asiyeweza kupokea mpira huku akiangalia mbele hafundishiki kwa wiki mbili kabla ya kombe.

Zanzibar tuna utaratibu wa madaraja ya umri tunaoujua sote: Juvenile, Junior na Central. Ni utaratibu mzuri. Mtoto angepaswa kuingia chini akijifunza kuushika mpira, apande akijifunza kucheza na wenzake, afike juu akijifunza kushinda. Lakini mara nyingi tunaanzia mwisho. Tunataka kombe la Juvenile mwaka huu huu, na kwa sababu hiyo wanachezeshwa vijeba.

Kijeba anafunga, ni kweli. Anawasukuma wenzake, anawapita kwa hatua ndefu, anapiga shuti ambalo golikipa mdogo hawezi kulidaka. Anafunga magoli mengi bila ya kujifunza hata jambo moja. Akifika Central wenzake wameshamfikia kimo na nguvu, na yeye hana kitu chengine mfukoni. Wakati huo yule mdogo mwenye akili ya mpira, aliyekaa benchi miaka mitatu, ameshaacha kuja mazoezini. Kijiji kimewapoteza wote wawili, kisha kinachanga fedha kumkodi straika.

Jambo la pili ni ukubwa wa kiwanja. Mtoto wa miaka tisa akiwekwa kwenye kiwanja cha watu wazima, kumi na moja kwa kumi na moja, anaweza kukaa muda mrefu bila ya kuugusa mpira. Uingereza, kwa miaka mingi, watoto wa miaka saba na nane walikuwa wakicheza watano kwa watano, wa tisa na kumi saba kwa saba, wa kumi na moja na kumi na mbili tisa kwa tisa, na kumi na moja kwa kumi na moja ilianza baada ya hapo. Sababu ni nyepesi: wachezaji wakiwa wachache, kila mmoja anagusa mpira mara nyingi, anaamua mara nyingi, anapiga golini mara nyingi. Sisi watu wa visiwani tulikuwa na jambo hilo kabla ya kuandikwa kwenye vitabu: mpira wa matambara uani, watatu kwa watatu, magoli ya mawe. Kilichobaki ni kulirudisha kwa mpangilio.

Jambo la tatu ni vitu vidogo vitatu ambavyo mtoto akivikosa akiwa mdogo, ukubwani huvipata kwa shida.

Kimoja ni kugeuza shingo. Mchezaji mzuri huangalia nyuma yake kabla mpira haujafika. Anapoupokea anajua tayari beki yuko upande gani. Watu husema ana macho kisogoni, kumbe amegeuka mara mbili wakati wewe ulikuwa ukiuangalia mpira.

Chengine ni mguso wa kwanza. Mguso mzuri hausimamishi mpira tu. Unaupeleka pale unapotaka kwenda, mbali na beki. Mchezaji anayetumia miguso mitatu kuutuliza mpira ameshampa beki muda wa kufika.

Cha tatu ni mguu wa pili. Straika anayetumia mguu mmoja ni rahisi kukabwa: beki anamfungia upande mmoja, kazi imekwisha.

Safari ya Mbwana Samatta inatuonesha kulea kunachukua muda gani. Alipita African Lyon na Simba, akaenda TP Mazembe ya Lubumbashi mwaka 2011. Miaka minne baadae, mwaka 2015, ndipo alipoibeba Mazembe kuchukua Ligi ya Mabingwa Afrika akifunga magoli 7, na Januari 2016 akatajwa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara. Akaenda Genk, akawa bingwa wa Ubelgiji 2019, na Januari 2020 akajiunga na Aston Villa, ambako akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Machi 1, 2020 akafunga goli Wembley, katika fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City. Ukilitazama goli lile tu utasema ana kipaji. Kipaji anacho. Lakini kabla ya siku ile ilikuwepo miaka mingi ya mazoezi, na miongoni mwake ni mitano ya Lubumbashi ambayo sisi huku hatukuiona.

Zanzibar Heroes wametuonesha

Kuna wanaosema mifano ya Yanga na Ulaya ni ya wenye fedha. Basi tuangalie ya nyumbani.

Desemba 2017 Zanzibar Heroes ilikwenda Kenya kwenye Kombe la CECAFA Chalenji chini ya mwalimu mzalendo, Hemed Suleiman, tunayemjua kwa jina la Morocco. Wengi wa wachezaji wake walikuwa wakicheza ligi ya hapa hapa Zanzibar. Timu iliifunga Rwanda 3-1, ikaifunga Tanzania Bara 2-1, ikatoka sare 0-0 na wenyeji Kenya, ikafungwa 1-0 na Libya. Nusu fainali ikawatoa Uganda, waliokuwa mabingwa watetezi, kwa 2-1. Katika fainali ya Machakos tarehe 17 Desemba, Kenya ilitangulia mara mbili, na mara mbili Zanzibar ikasawazisha. Ikaisha 2-2, Kenya wakachukua kombe kwa penalti 3-2.

Hesabu magoli: 9 katika mechi 6, bila ya kuhesabu penalti za mwisho. Hakukuwa na straika wa fedha nyingi aliyekodiwa. Kulikuwa na vijana waliozoeana, na mwalimu aliyejua kila mmoja anaweza nini. Na hata hizo penalti ni fundisho: nazo hufanyiwa mazoezi, kama kila kitu chengine.

Januari 2025 tuliona wenyewe, hapa Pemba. Kombe la Mapinduzi lilichezwa na timu za taifa kwenye uwanja wa Gombani, na tarehe 13 Januari Zanzibar Heroes ikaifunga Burkina Faso 2-1 na kulichukua kombe. Watoto wa Ole waliokwenda Gombani siku ile waliwaona wachezaji wa kisiwani wakiifunga nchi ambayo hucheza Kombe la Mataifa ya Afrika. Swali lililobaki ni nini kinawasubiri watoto hao wakirudi kwenye kiwanja cha nyumbani.

Fedha za mamluki zinaweza kufanya nini

Hatuwalaumu viongozi wa timu. Wanabanwa na mashabiki wanaotaka kombe Jumapili hii. Lakini hesabu ni vyema ifanywe hadharani. Mamluki analipwa posho, nauli, chakula, na pengine mahali pa kulala. Wakiwa watatu au wanne kwa kombe moja, jumla yake si ndogo kwa kijiji cha wakulima na wavuvi.

Fedha hizo hizo zinaweza kununua mipira. Timu yenye mpira mmoja haiwezi kufundisha ushambuliaji, kwa sababu vijana ishirini wanamsubiri mmoja apige. Zinaweza kumlipia nauli na gharama kijana mmoja wa shehia aliyestaafu kucheza, au mwalimu wa skuli anayependa mpira, akasome kozi ya mwanzo ya ukocha. Leseni ya CAF inaanzia daraja D, na kozi za namna hiyo hupitia mashirikisho yetu, ZFF kwa Zanzibar na TFF kwa Tanzania. Mtu huyo akirudi hafundishi kombe moja. Anafundisha watoto wa kijiji miaka kumi.

Na muda upo, tukiupangia. Baina ya Alasiri na Magharibi kuna nafasi ya kutosha kwa mazoezi ya saa moja na nusu. Msimu wa karafuu ukiingia vijana wengi huwa kwenye mikarafuu mpaka jioni, na mwezi wa Ramadhani mazoezi hupungua. Mwalimu mzuri anaijua kalenda hiyo na anapanga kazi nzito miezi mengine.

Mazoezi manne ya kuanza nayo

Haya hayahitaji koni za dukani. Vifuu vya nazi au makopo yanatosha.

Zoezi la kwanza: nne kwa nne, magoli manne. Pima hatua 30 kwa 20. Kila timu inalinda magoli mawili madogo yaliyo kwenye pembe, na inashambulia mawili. Upande mmoja ukizibwa, mchezaji anajifunza mwenyewe kuugeuza mpira upande wa pili. Hapa ndipo upana unapofundishwa bila ya hotuba.

Zoezi la pili: geuza shingo. Watu watatu kwenye mstari mmoja. Wa kwanza anampasia wa kati. Mpira ukiwa njiani, wa tatu aliye nyuma anainua vidole. Wa kati lazima ageuke, ataje idadi ya vidole kwa sauti, kisha apokee na kugeuka na mpira. Watoto hulipenda kwa sababu ni mchezo, na wiki tatu zikipita utaona shingo zinageuka kwenye mechi.

Zoezi la tatu: mtu wa tatu. Wa nyuma anampa wa mbele, wa mbele anaurudisha kwa wa pembeni kwa mguso mmoja, wa pembeni anampigia yule wa nyuma ambaye ameshaanza kukimbia. Anza bila ya mabeki. Wakizoea weka beki mmoja, kisha wawili.

Zoezi la nne: mpira wa kurudi. Winga anakimbia mpaka karibu na mstari wa goli na kuurudisha chini. Wanaingia wawili: mmoja anawahi nguzo ya karibu ili avute beki, wa pili anachelewa na kuukuta mpira kwenye alama ya penalti, mita 11 kutoka golini. Apige kwa upande wa ndani wa mguu, achague pembe. Goli lina upana wa mita 7.32, halihitaji nguvu, linahitaji utulivu. Duru moja mguu wa kulia, duru moja wa kushoto.

Mara tatu kwa wiki, kila zoezi dakika kumi na tano, zilizobaki ziwe mechi. Usitegemee matunda wiki ya kwanza.

Wewe uliye pembeni ya chaki

Mwisho, kuna kazi ya mtazamaji. Mashabiki ndio wanaowasukuma viongozi kukodi, na mashabiki hao hao wanaweza kuwasukuma kulea. Mechi ijayo, chukua simu yako na uandike mambo matatu tu kuhusu timu yako.

Moja: tumepiga mashuti mangapi tukiwa ndani ya kumi na nane, na mangapi tukiwa nje? Mbili: ni wachezaji wangapi tofauti wa timu yetu waliougusa mpira ndani ya kumi na nane ya wapinzani? Tatu: viungo wetu walipopokea mpira, mara ngapi waliupeleka mbele na mara ngapi waliurudisha nyuma?

Kama mashuti mengi ni ya nje, waliougusa ndani ni wawili, na viungo wanarudisha, basi straika wenu hana kosa. Hajapelekewa kitu. Lakini kama nafasi zinakuja nyingi na zinapotea mbele ya goli, hapo ndipo pa kuzungumza umaliziaji.

Peleka hesabu hiyo kwenye kikao cha timu kabla mchango haujapitishwa. Tunaamini kiongozi akiletewa karatasi yenye nambari atafikiri zaidi kuliko akiletewa kelele. Na ukitaka, ituletee kwenye kipindi chetu, tuizungumze pamoja na wasikilizaji wengine.